Nani Anakwenda Kuteka Maji?

Nianze na msimamo wangu, ili asiyekubaliana nami ajue mapema pa kunikamatia: ngao isiyomnyima mwenye nayo kitu chochote si ngao. Ni uhai wa ziada uliopakwa rangi ya buluu. Na wabunifu wengi wa michezo ya vita vya angani, wa ng'ambo na wa hapa kwetu Masasi, wamezoea kutugawia uhai wa ziada huku wakiuita ngao.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hizi: sizungumzii mchezo wa simu. Nazungumzia ramani ya karatasi iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki, vipande vinavyosimama badala ya meli za angani, dadu, penseli, na kijitabu cha sheria. Watu wawili au wanne wanakaa, wanasogeza meli, wanarushiana makombora ya kufikirika, na baada ya saa mbili mmoja anainuka anacheka na mwingine anadai dadu zina kasoro. Sisi wanne tunatengeneza wa kwetu. Ramani ni karatasi za A4 zilizounganishwa kwa selotepu. Meli ni vizibo vya soda vyenye mshale wa kuonyesha pua iko upande gani. Mwendo tumeshakubaliana. Silaha tumeshakubaliana. Tumekwama kwenye ngao, na tumekwama vibaya kiasi kwamba Jumamosi mbili zimepita bila kucheza, kazi yetu kubishana tu.

Pendekezo la mwenzangu ni jepesi kulieleza, na hapo ndipo linapovutia. Kila meli ina ngao tano. Ukipigwa, unaondoa moja. Zikiisha, mapigo yanaanza kula bodi ya meli. Mwisho wa kila mzunguko, ngao moja inarudi yenyewe. Basi.

Fanya hesabu. Kama adui anakupata kwa wastani wa pigo moja kila mzunguko, na ngao moja inarudi kila mzunguko, mnaweza kurushiana makombora mpaka adhana ya magharibi na hakuna litakalotokea. Itabaki mbinu moja tu: meli zote zimwangukie mmoja mpaka afe, kisha zimhamie mwingine. Hilo lenyewe lingeweza kurekebishwa kwa kubadilisha namba. Lisilorekebishika ni kwamba mwenye ngao hizo haulizwi swali lolote. Hachagui kuziwasha wala kuzizima, hachagui zielekee wapi. Anaondoa kipande, anarudisha kipande, kama karani wa stoo. Tumeweka kanuni nzima kwenye kijitabu, na mchezaji hana la kuamua.

Ng'ambo nako mambo si mazuri sana. Katika Star Wars: X-Wing ya mwaka 2012, ngao ni vipande vya kadibodi unavyoviondoa kabla ya kuanza kuhesabu madhara kwenye bodi. Zinakukinga na yale mapigo mabaya zaidi, hilo nalikubali, na unazilipia kwa pointi wakati wa kupanga kikosi. Lakini vita vikishaanza, kuwa nazo hakukupunguzii chochote katika zamu yako. Battlefleet Gothic ya 1999 ilikuwa na wazo zuri: ngao ikimeza pigo inaacha wingu la milipuko ubavuni mwa meli, na wingu hilo linapunguza nguvu ya ngao mpaka meli itoke hapo. Angalau kuna la kufikiri. Ukishatoka, hata hivyo, ngao inarudi nzima, bure. Aliyekaribia ukweli ni mkongwe wao, Star Fleet Battles ya mwaka 1979: ngao sita, moja kwa kila upande wa chumba cha pembe sita, na mwanzoni mwa kila mzunguko unajaza fomu ya kugawa nguvu za meli, kiasi hiki injini, kiasi hiki silaha, kiasi hiki kuimarisha ngao ya mbele. Aliyebuni fomu ile nampigia saluti. Kisha mzunguko mmoja ukagawanywa katika vipande 32, na mchezo ukageuka kazi ya mhasibu wa halmashauri mwezi wa Juni.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi wa huku, kuliko wabunifu wengine wote, hatuna kisingizio.

Toka Masasi uende Newala. Unaanza chini, kwenye tambarare yenye milima ya mawe iliyosimama mmojammoja, kisha barabara inaupanda ukingo wa Uwanda wa Makonde mpaka unajikuta zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ukifika Newala nenda Shimo la Mungu, simama ukingoni, tazama bonde la Ruvuma likitandazwa chini yako na Msumbiji ng'ambo yake. Watu huenda pale kupiga picha. Mimi naomba uende ukiwa mbunifu wa michezo, ukumbuke kwamba hapo umesimama juu ya ngao, na kwamba ngao hiyo iliwahi kutumika kweli.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yuleyule wa vitabu vya sarufi ya Kiswahili, aliwaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja wakaanzisha makazi Masasi. Chini, tambarare. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, wakawavamia; wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Misheni ikahamia wapi? Ikapanda. Ikaenda Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao aliyekuwa huko juu, na ikakaa miaka kadhaa kabla Masasi haijawa tena makao yake. Wamakonde wao walikuwa wameshajua siri hiyo zamani. Wakati misafara ya watumwa na wavamizi wakipita mabondeni, wao walikuwa juu, katikati ya vichaka vizito ambavyo mgeni haoni hatua kumi mbele yake.

Ukitaka kuona kwamba ngao ina upande, uwanda ule utakufundisha bila fomu yoyote. Magharibi, Newala, na kusini juu ya Ruvuma, ukingo unaporomoka ghafla. Mashariki ardhi inateremka polepole kuelekea baharini. Mvamizi anayetokea magharibi ana ukuta mbele yake, anayetokea pwani ana mteremko wa kutembea. Ngao sita za Star Fleet Battles hazikuwa uvumbuzi wa ajabu kwa mtu aliyewahi kuishi Newala na akajiuliza adui angeingilia wapi.

Sasa bei. Uwanda wa Makonde hauna mito. Udongo wake wa kichanga unakunywa mvua yote, maji yanapenya chini na kwenda kutokeza kwenye chemchemi za mabondeni, huko huko tulikokimbia. Aliyekaa juu kwa usalama alilazimika kushuka kwa kiu. Na neno "alilazimika" hapa lina mwili: lilikuwa na mtungi kichwani, baadaye debe, na kwa kawaida lilikuwa mwanamke au binti yake. Bibi yangu mzaa mama aliifahamu njia ile ya bondeni gizani kwa nyayo. Alikuwa akitupimia umbali wa mahali popote kwa safari za maji: sehemu fulani ni debe moja kwenda na kurudi, nyingine ni nusu debe. Ni katika miaka ya 1950 tu ndipo shirika la maji la Makonde lilipoanza kusukuma maji kwa mashine kuyapandisha juu, na mpaka leo maji ya Mitema yanapanda kwa pampu. Pampu ikisimama, ndoo zinarudi kichwani.

Ipo hata hekaya yake. Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na Newala mwaka 1906, akasimuliwa asili ya Wamakonde. Mtu mmoja aliishi porini peke yake, hanyoi, haogi. Akachonga sanamu ya mti kwa umbo la binadamu, akaisimamisha. Usiku ikawa mwanamke. Wakaishi karibu na maji, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, wakakaa bondeni tena, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda juu kwenye vichaka, wa tatu akaishi. Ndipo wazazi wale wakaagiza uzao wao ukae mbali na mabonde, kwa kuwa huko kuna maradhi na mauti. Wengi hupenda hekaya hii kwa sababu ya sanamu, wanaitaja kila inapozungumzwa sanaa ya uchongaji. Mimi naipenda kwa sababu ya hesabu yake. Inataja alichokufia mtu bondeni, na inakuachia mwenyewe kukumbuka atakachokosa mlimani. Mbunifu akiniletea kanuni ya ngao, kwanza namuuliza: nani anakwenda kuteka maji? Kama jibu ni hakuna, ngao yake siitaki.

Mwenzangu hunijibu kwamba mlima ni mlima na mchezo ni mchezo. Vema. Tuzungumze mchezo.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, na linachezwa barazani na chini ya mikorosho ya wilaya hizi tangu kabla hatujazaliwa. Lina kanuni za kinga ambazo sijaona mchezo wa meli za angani uliozikaribia. Ya kwanza ni safu ya nyuma. Kete zako zikiwa huko, mpinzani hawezi kuzila kamwe. Mashimo manane ya usalama kamili, bila masharti. Ukisikia hivyo unafikiri mchezo umeharibika, kila mtu atajificha nyuma. Lakini safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa, hata kama nyuma umejaza kete thelathini. Sentensi moja tu, na hakuna fomu ya kujaza: kujikinga ruhusa kwa kiasi chochote, kujikinga kabisa ni kushindwa.

Ya pili ni nyumba, lile shimo ambalo kwenye mbao nyingi huchongwa kwa pembe nne. Unaanza na kete sita ndani yake. Wanaojifunza hudhani nyumba ni ngome, halafu wanashangaa mpinzani anapoila yote kwa mkupuo. Ukilitazama vizuri, nyumba haikukingi na mpinzani hata kidogo. Inakukinga na mwendo wako mwenyewe. Kwenye bao, ukitembeza kete na ya mwisho ikaangukia shimo lenye kete, kawaida huruhusiwi kusimama. Unazikusanya, unaendelea, upende usipende. Nyumbani tu ndipo unapoweza kula kisha ukaamua: nalala hapa, au naivunja nyumba na kusafiri nayo ubao mzima. Na kadiri unavyochelewa kuivunja ndivyo inavyonenepa, na kadiri inavyonenepa ndivyo mwenzako anavyoitolea macho. Nimewaona wazee Newala wakinyamaza dakika nzima juu ya uamuzi huo mmoja. Hakuna mchezaji wa mchezo wetu aliyewahi kunyamaza kwa ajili ya ngao zinazojirudisha. Atanyamaza akifikiria nini?

Na kama bao ni la wazee, njoo shambani. Kila mwaka mikorosho inapochipua majani mapya na kuanza kutoa maua, tunapulizia salfa dhidi ya ubwiriunga. Salfa ni ngao kamili kwa maana ninayoipigania. Kwa miaka mingi uliilipia kabla hujamwona adui. Unaipuliza alfajiri, umande ukiwa bado majani, usingizi ukiwa bado machoni. Inaisha nguvu, kwa hiyo baada ya majuma mawili matatu unarudia, na enzi za kuinunua, kila uliporudia ulijiuliza kama fedha hiyo isingefaa zaidi kwenye ada ya shule au palizi. Kwa miaka mingi mkulima wa Masasi aliamua suala la ngao mara kadhaa kwa msimu, kwa fedha yake mwenyewe. Halafu mtoto wake anakaa mezani kubuni mchezo na kuandika "ngao moja inarudi yenyewe". Inarudi kutoka wapi? Nani kanunua mfuko?

Kuna hoja mbili za upande wa pili ambazo sizipuuzi.

Ya kwanza ni ya wanaoanza. Mwenzangu anasema mgeni akija mezani, akakuta ngao inamtaka apange, akate, achague, atachoka na hatarudi. Apewe kwanza kitu cha kumfariji akipigwa. Naielewa huruma yake. Lakini huko ni kumfundisha mgeni mchezo usiokuwepo. Mtoto wa miaka tisa hapa hufundishwa nyumba ya bao siku ya kwanza, anaikosea, analiwa, anacheka, anapanga upya kete. Hajawahi mzee yeyote kusema tumwondolee nyumba mpaka akue. Ugumu unaomfukuza mgeni ni wa kukumbuka mambo mengi kwa wakati mmoja, na hapo Star Fleet Battles ina kesi ya kujibu. Ugumu wa kuchagua kati ya mambo mawili, yote unayataka, ndio anaourudia Jumamosi inayofuata.

Ya pili ni nzito zaidi, na aliyeileta ni dada mmoja katika sisi wanne, mzaliwa wa Newala. Anauliza kama ni haki kuchukua kiu ya watu na kuifanya pointi za mchezo wa vizibo vya soda. Alisema hivyo bila hasira, na meza nzima ikatulia. Jibu langu ni kwamba mchezo wenye ngao za bure nao umeshachukua msimamo juu ya kiu hiyo: unasema haikuwepo. Unasema kuna watu hukaa salama kwa sababu tu wao ni wa kukaa salama, na usalama wao haukubebwa na shingo ya yeyote. Hadithi hiyo nimeisikia sana nje ya mezani, na kwa kawaida anayeisimulia ni yule ambaye maji humfikia sebuleni. Hata ile dawa ya maji ya vita vya Maji Maji, ngao mashuhuri kuliko zote katika historia yetu, ilikuja na miiko yake. Aliyeinywa alijinyima kitu. Risasi hazikugeuka maji, lakini waliompa hawakumwambia kwamba kinga haina masharti. Sisi wenye kalculeta kwenye simu ndio tunaotaka kumwambia hivyo mchezaji wetu.

Dada hakusema nimemshinda. Alisema basi kanuni iandikwe vizuri, isiwe ya kuchekesha. Hili ndilo nililoandika.

Kila meli inaanza na maji manane. Mwanzoni mwa mzunguko, kabla ya mtu yeyote kurusha dadu, unaamua kwa siri kama ngao imewashwa, na kama imewashwa, ielekee pande zipi tatu zilizofuatana kati ya sita. Unaandika kwenye karatasi, unaifunika. Ngao iliyowashwa inazuia kila pigo la pande hizo, lakini kila pigo inalolizuia linakunywa maji mamoja. Meli yenye ngao juu inatembea nusu ya mwendo wake. Maji hayarudi yenyewe. Ili kuyajaza lazima ushushe ngao mzunguko mzima na usisogee zaidi ya chumba kimoja. Hapo unapata maji manne. Adui anakuona umeshuka. Hana haja ya kuvunja ngao yako kama anajua kisima kiko wapi, atakusubiri hapo.

Na mara moja tu katika mchezo mzima, unaweza kuvunja nyumba: unamwaga maji yote yaliyobaki kwenye injini na silaha kwa mzunguko mmoja, mwendo mara mbili, makombora mara mbili, na baada ya hapo meli hiyo haina ngao tena mpaka mwisho. Tulipoijaribu kanuni hii kwa nusu saa, yule mwenzangu wa ngao tano, mpinzani wangu mkubwa, alishika kizibo chake cha soda hewani, maji matano mkononi, meli zangu mbili mbele yake na moja ubavuni, akakaa kimya. Sikumhesabia muda. Ilitosha dada akaenda kununua karanga akarudi.

Bado hatujakubaliana jambo moja. Dada anataka meli rafiki iliyo chumba cha jirani iruhusiwe kuigawia nyingine maji, mamoja kwa mzunguko, ngao ya mgawaji ikiwa imeshushwa. Mwenzangu anasema hilo litarefusha mchezo. Mimi nimeona ni bora kuliko chochote nilichoandika mwenyewe, ila sijui kama mgawaji apewe kitu au asipewe. Jumamosi tunacheza kwa njia zote mbili, karatasi za ramani zimeshabandikwa upya, na anayetaka kuja kubishana aje na penseli yake.